Kipulizio cha Kapteni

Mwezi uliopita tulimzika Kapteni kule Mutuini, nyuma ya nyumba yake, pale mabingobingo ya ng'ombe yanapoishia. Kijana aliyeongoza mazishi, wa suti iliyombana mabegani, alisoma maisha ya marehemu kwenye kipaza sauti. Alisema mzee Nahashon Mutiga alipuliza tarumbeta kwa miaka arobaini, akaongoza bendi kubwa ya dansi iliyoitwa Kumi na Nne, kisha akaacha muziki kwa sababu ya uzee na kupumzika na jamii yake. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la maji, nikauma meno. Uzee gani? Mtu wa miaka sitini na miwili, mwenye kifua cha kuzima mshumaa akiwa amesimama mlangoni, haachi kupuliza kwa sababu ya uzee. Alinyamazishwa. Waliomnyamazisha ninawajua kwa majina, na mmoja wao alikuwa ameketi safu ya mbele hemani, sahani ya mukimo magotini, akiitikia amina kuliko wote. Sikusoma sana, niliachia darasa la saba, kwa hivyo ninaandika vile ninaongea. Lakini nitaandika, maana ile karatasi ilisomwa mbele ya watu mia mbili na hakuna aliyesimama kuipinga, hata mimi.

Niliingia bendi mwanzo wa mwaka wa elfu mbili na nne. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ninakaa chumba cha mabati Kabiria, siku za kazi ninapaka rangi nyumba za kupangisha, Jumapili ninapuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa letu. Kapteni alikuja kutusikia siku moja tulipokuwa tukipita barabarani na sare zetu, akaniita kando kwa kidole. "Wewe mrefu. Kesho kutwa njoo Mutuini, uliza kwa mzee wa tarumbeta." Hakuniuliza jina. Nilipofika alinipeleka kwenye banda ambalo zamani lilikuwa la kuku. Alikuwa amelipigilia mbao ndani na kumwaga simiti, lakini mvua ikinyesha harufu ya kuku ilirudi kana kwamba haijawahi kuondoka. Mama Wairimu, mkewe, akaleta kikombe cha chai ya moto na nduma mbili kwenye sahani, akaviweka juu ya kigoda mbele yangu. Nikanyoosha mkono. "Bado," Kapteni akasema. "Piga noti moja. Moja tu. Uishike, uvute pumzi, uishike tena, mpaka hiyo chai ipoe." Nilidhani anatania. Nilipiga noti moja mpaka macho yakatoa machozi na utando ukafunga juu ya chai. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza injini ya gari analotaka kununua. Mwishowe akasema, "Sawa. Sasa kunywa." Ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa.

Mpaka leo nikinywa chai iliyopoa ninaliona lile banda. Ukutani kulikuwa na picha ya bendi ilipokuwa changa: wanaume kumi na wanne wa makoti meupe, viatu vinang'aa, Kapteni katikati bila mvi hata moja. Alianzia bendi ya jeshi, akatoka na cheo kidogo ambacho watu walikikuza wakamwita Kapteni, halafu akakusanya wapulizaji waliopenda ule muziki wa swingi ambao yeye aliusikia redioni akiwa kijana. Tarumbeta nne, tromboni tatu, saksafoni nne, na nyuma piano, besi na ngoma. Walipata kazi katika hoteli moja katikati ya jiji yenye ukumbi wa sakafu ya mbao. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana meza zilisukumwa kando, makarani, walimu na wakubwa wa serikali wakacheza na wake zao mpaka saa kumi na moja jioni. Alinisimulia hayo huku akikata majani ya ng'ombe, hakuwahi kukaa chini akasimulia. Leo ile hoteli imekatwakatwa kuwa vibanda vya kuuza simu na wigi. Nilipita juzi. Sakafu ya mbao bado iko chini ya zulia la plastiki, unaisikia ukikanyaga.

Nilipoingia tulikuwa kumi na mmoja, lakini jukwaani viti viliwekwa kumi na vinne. Hiyo ilikuwa sheria. Kabla ya kila dansi Kapteni alivipanga mwenyewe, vitatu vikabaki vitupu na hakuna aliyeruhusiwa kuviwekea hata koti. Nilipouliza, akasema, "Mimi huandika muziki wa watu kumi na wanne." Na ni kweli, aliandika kila sehemu kwa mkono wake, hata za wale wasiokuwepo, na zile karatasi zilikaa kwenye stendi mbele ya viti vitupu. Alipokuwa akituongoza alizigeukia wakati wao ulipofika, akawapa ishara kama watu walio hai. Mara ya kwanza nywele zilinisimama. Mara ya kumi nilianza kuzisikia zile tromboni.

Alikuwa na kipulizio kimoja tu, kile kidude cha mbele ya tarumbeta kinachogusa midomo. Alikinunua alipotoka jeshini na hakuwahi kukibadilisha. Fedha yake ya juu ilikuwa imeisha zamani, kimebaki shaba yenye ukijani, na ukingoni kulikuwa na kijibonde kidogo, kama mahali palipoumwa na jino. Alikihifadhi ndani ya soksi ya mtoto, nyekundu, ya binti yake Wairimu alipokuwa mchanga. Kabla ya kupuliza alikitoa, akakizungusha kwa kidole gumba polepole, halafu akakiweka kwenye tarumbeta. Kila mara kidole gumba, kila mara kuzungusha. Nilidhani ni mazoea tu ya mzee, kama mtu anayegusa kofia yake kabla ya kutoka nyumbani. Sikumwuliza. Maswali mengine hujui ni ya kuulizwa mpaka yapitwe na wakati.

Sasa nimtaje wa kwanza. Kelvin Ndirangu alikuja kuwa meneja wa ile hoteli mwezi wa tatu. Viatu vya ncha, simu mbili mkononi. Jumapili yake ya kwanza alisimama chini ya jukwaa tukiwa tunapumzika, akahesabu viti kwa kalamu.

"Mzee, hawa watatu wamechelewa?"

"Hawajachelewa," Kapteni akasema. "Wawili walikufa. Mmoja alirudi kwao Busia."

"Sasa viti ni vya nini?"

"Ni vya bendi."

"Bendi ni ya watu ama ya viti?" Wahudumu wakacheka, maana alikuwa bosi wao mpya. Kapteni akafunga kifungo cha koti lake, polepole. "Kijana, katika kazi yenu, mtu akiondoa sahani kabla mgeni hajamaliza kula, mnamwitaje?"

"Mhudumu mbaya."

"Basi ngoja nimalize."

Hapo hata wahudumu walicheka upande wetu, na naamini Ndirangu hakusahau kile kicheko. Mwezi wa saba alimwita Kapteni ofisini, na Kapteni alipotoka alituambia kwa maneno machache. Mwenye hoteli anakuja Jumapili ya pili ya mwezi wa nane, atakula chakula cha mchana na kusikiliza mwenyewe. Akiridhika, bendi itabaki. Asiporidhika, Ndirangu ana kijana wa kinanda cha umeme, mtu mmoja anayefanya kazi ya watu kumi na mmoja bila kuhitaji kiti cha pili. "Basi tutapuliza," Kapteni akamaliza. Aliongea kana kwamba ni jambo dogo. Lakini jioni hiyo hiyo nilikuwa nje ya jiko la Mama Wairimu nikiosha mikono, dirisha liko wazi, nikawasikia wakiongea kama watu waliooana zamani, bila kupandisha sauti.

"Wakikutoa utafanya nini?"

"Nitapuliza."

"Utampulizia nani, ng'ombe?"

"Ng'ombe hawaondoki katikati ya wimbo."

Mama Wairimu alicheka, halafu nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Kisha sauti ya Kapteni, ya chini, ambayo sikuwa nimeisikia kabla. "Mama Wairimu, bila hiyo Jumapili mimi ni mzee tu wa kukata majani." Nilikausha mikono kwenye suruali nikaondoka bila kuaga. Tangu hapo nilijua hasa kilichokuwa hatarini. Wengine wetu tulikuwa na kazi nyingine, mmoja fundi wa viti, mwingine karani wa shule, mimi na brashi yangu. Yeye alikuwa na Jumapili.

Wa pili ni Laban Shitsama, saksafoni ya kwanza, miaka ishirini na minne ubavuni mwa Kapteni. Laban alikuwa na mdomo mtamu na alinipenda kwa kunidhihaki. "Silas wa kanisa," aliniita, "mtakatifu wa tarumbeta ya tatu." Tulikuwa tukikaa pamoja kwenye kibanda cha chai Kabiria baada ya mazoezi, mandazi mezani, na siku moja wiki ya kwanza ya mwezi wa nane akasogeza kikombe chake.

"Umeangalia kile kipulizio cha Kapteni vizuri?"

"Kiko na nini?"

"Kinakaa kama msumari uliong'olewa kwa mbao ya choo." Akacheka mwenyewe. "Nasema ukweli, bwana. Mwenye hoteli ni mtu wa macho. Atawekwa meza ya mbele kabisa, na ataona mzee akiingiza kitu cha kijani mdomoni. Hapo hata malaika wakipuliza, imeisha."

"Mwambie wewe. Wewe ni rafiki yake."

"Mimi? Ataniuliza kama nataka kiti chake. Lakini nyinyi watu wa kanisa si ndio mabingwa wa kung'arisha? Mfanyie mzee zawadi. Asijue mpaka siku yenyewe."

Nieleze hapa, ili msomaji asidhani nilikuwa mjinga wa kuzaliwa. Katika bendi ya kanisa letu kung'arisha kilikuwa kipindi kizima. Kila Jumamosi tuliketi uani na vitambaa, majivu na ndimu, tukasugua shaba mpaka ukajiona ndevu. Kiongozi wetu alipita na leso nyeupe, akapangusa ala yako, na leso ikichafuka ulisimama nyuma wiki nzima. Tulifundishwa kwamba ala chafu ni dharau kwa Mungu na kwa waliokutangulia. Nilikuwa nimekikodolea macho kile kipulizio cha kijani miezi saba, na kila mara mkono uliniwasha. Laban alijua hayo. Hakunituma, hapana. Alifungua tu mlango ambao alijua nitauingia kwa miguu yangu.

Makoti ya bendi niliyapeleka mimi kwa dobi kila Ijumaa kabla ya kazi kubwa, na soksi nyekundu ilikaa mfukoni mwa koti la Kapteni. Kawaida niliitoa nikaining'iniza kwenye msumari bandani. Ijumaa ile Kapteni alikuwa ameenda kliniki kupimwa presha, banda halina mtu. Niliitazama ile soksi kwa muda. Nikaitia mfukoni mwangu. Jumamosi hakungekuwa na mazoezi, maana Kapteni aliamini midomo inapaswa kulala siku nzima kabla ya kazi, kwa hivyo hangeitafuta.

Njoro, fundi wa Kawangware, alikuwa akitengeneza vikombe vya mashindano ya mpira na kung'arisha rimu za magari. Alikuwa na gurudumu la kitambaa lililozungushwa na mota, na beseni la dawa la kuchovyea. Nilimpa kile kipulizio. Akakigeuza. "Hiki ni cha nini, cha kunywea uji?" Nikamweleza. Akaniuliza ninataka kifanyweje, na nikamjibu maneno matatu ambayo nimeyasikia kila siku ya maisha yangu tangu hapo. "Kikae kama kipya." Niliporudi jioni kiling'aa kama jino la dhahabu. Nilicheka kwa furaha. "Na nimekuzibia kale kashimo kwa lehemu," Njoro akasema, akipitisha ukucha ukingoni. "Huwezi hata kujua kalikuwa wapi. Hiyo nimekufanyia bure." Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono miwili.

Jumapili tulivalia nguo katika chumba kidogo nyuma ya jiko la hoteli, kilichonuka pilau na sabuni ya kuoshea sakafu. Mwenye hoteli alikuwa ameshafika, mzee mdogo wa mwili mwenye bakora, amewekwa meza ya mbele na Ndirangu pembeni yake. Nilimpa Kapteni koti lake, soksi nimeirudisha mfukoni, nikangoja. Laban alikuwa akifunga tai mbele ya kioo. Kapteni akaingiza mkono mfukoni, akatoa soksi, akatoa kipulizio. Mwanga wa balbu ulikipiga kikang'aa hadi dari. Nilikuwa ninatabasamu, Mungu anisamehe, nilikuwa ninatabasamu kama bwana harusi. Kidole chake gumba kikaanza kuzunguka. Kikazunguka mara moja. Kikazunguka tena. Kikarudi nyuma.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini, Kapteni?"

"Alama yangu."

Hakupandisha sauti. Alikishika karibu na jicho, akakigeuza chini ya balbu, na nikaona rangi ikimtoka usoni. Laban hakugeuka kutoka kwenye kioo. Ndipo nilipoelewa kile kidole gumba. Miaka yote ile kilikuwa kinatafuta mahali. Midomo yake ilikuwa imekua kuzunguka kile kijibonde kama mti unavyokua kuzunguka waya, na nilikuwa nimeutoa waya. Nilifungua mdomo kusema, lakini mhudumu akabisha. "Wazee, mnangojewa."

Aliongoza vizuri nyimbo mbili za kwanza, kwa mikono tu. Mwenye hoteli alikuwa akigonga bakora sakafuni, akitabasamu na watu waliokuwa wamecheza hapo na yeye zamani. Wimbo wa tatu ndio uliokuwa wa tarumbeta yake, ambao watu walikuja kuusikia, wenye ile noti ya juu anayoipandia polepole kisha kuishika mpaka wanaocheza wasimame. Akainua tarumbeta. Noti za mwanzo zilitoka, zimekwaruza kidogo. Nilikuwa nyuma yake, ninaona misuli ya shingo, ninaona midomo ikihama, inatafuta, kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba ambayo mtu amehamisha kuta. Akapanda. Ile noti ikavunjika. Akavuta pumzi, akajaribu tena, na safari hii ikatoka sauti ambayo sitaieleza. Mama mmoja mezani akacheka kwa kushtuka, halafu akajiziba mdomo. Ile bakora haikugonga tena. Ndirangu alikata nyama yake vipande vidogo vidogo bila kuinua macho, na mimi niliyaona mashavu yake, alikuwa anajizuia kucheka.

Kapteni aliteremsha tarumbeta. Hakugeuka, aliunyoosha tu mkono wa kushoto nyuma, kiganja juu, ishara yake ya kumpa mtu wimbo. Ulikuwa umenielekea mimi. Nikasimama. Nilikuwa nimemsikia akiupiga ule wimbo miezi saba na niliujua kama jina langu. Niliupiga. Nilipanda, nikaishika ile noti mpaka watu wakasimama, na walipopiga makofi, msomaji, nitasema ukweli hata kama unanichoma: nilifurahi. Kwa muda wa makofi yale nilisahau nilichofanya.

Baadaye Ndirangu alinikuta koridoni na Laban. Mwenye hoteli amesema bendi kubwa imechoka, akasema, lakini amempenda kijana wa tarumbeta. Basi kuanzia Jumapili ijayo itakuwa kinanda, saksafoni na tarumbeta moja. Laban hakushangaa hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba yeye alikuwa ameshaongea na Ndirangu zamani. Ningeweza kumshika shati. Ningeweza kurudi kwenye kile chumba nikamwambia Kapteni mbele ya wote, ni mimi, ni mimi nilikipeleka kwa fundi, nipeni wiki moja, mwenye hoteli asikie tena. Nilisema nitafikiria. Uongo. Nilikuwa nimekubali kabla Ndirangu hajafunga mdomo.

Kapteni aliwakusanya watu uani, karibu na mapipa ya jikoni. "Ndugu zangu, midomo yangu imezeeka. Si lawama ya mtu." Alinipita macho kama anavyompita yeyote, bila kusimama. Kisha akarudi ukumbini peke yake, akavikunja viti. Tulimwona kupitia mlangoni, akivikunja kimoja kimoja na kuviegemeza ukutani, vyote kumi na vinne, na vile vitatu vitupu akavikunja mwisho.

Nilipuliza na kile kinanda miezi minne. Ndirangu hakutuangalia tena. Kabla ya Krismasi yule kijana wa kinanda, kijana mpole tu asiye na kosa, aligundua kitufe ambacho ukikibonyeza inatoka sauti ya tarumbeta, na kingine cha saksafoni. Jumapili iliyofuata mlinzi alituzuia langoni. Laban alitukana mpaka akakaukiwa. Mimi niliirudisha tarumbeta kanisani, maana ilikuwa yao, nikarudi kwa rangi. Sijapuliza tangu siku hiyo. Na Mutuini nilipaka nyumba nyingi za kupangisha miaka iliyofuata, nyingine mtaa wa pili tu kutoka kwa Kapteni, na kila jioni nilizunguka njia ndefu ili nisipite getini kwake.

Kwa hivyo pale mazishini, watu walipokuwa wakila, nilimfuata Laban. Amenenepa, ni mzee wa kanisa siku hizi. "Silas wa kanisa! Kumbe bado uko hai?" Nilimwambia sikuja kwa mzaha. Nilimsimulia yote, hata yale maneno niliyompa Njoro. Nilimwambia alijua kuhusu ile alama, kila mtu wa zamani alijua, na ndiyo sababu alinituma. Akafuta midomo kwa karatasi, akaniangalia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Nilijua, ndiyo. Nilitaka mzee atoke, nilikuwa nimechoka na viti vyake. Lakini mimi nilisema king'arishwe, bwana. Nani alisema kikae kama kipya? Na siku ile koridoni, nani aliitikia kwanza, mimi ama wewe?"

Nilikuwa nimekuja kumtaja, akanitaja yeye.

Nilikuwa ninaelekea getini Mama Wairimu aliponiita kutoka jikoni. Amekuwa mdogo, kitambaa cheusi kichwani, lakini jiko ni lile lile, dirisha lile lile. Akanimiminia chai, akaketi karibu nami, akatoa kwenye mfuko wa sweta ile soksi nyekundu. Imepauka, karibu waridi. "Alisema nikupe." Nikaweka kikombe chini, nikamwambia yote, kwa haraka, kama mtu anayetapika: dobi, Njoro, lehemu, koridoni. Aliningoja nimalize.

"Tulijua, Silas. Jioni ile ile. Nani mwingine angeweza kukisugua vile?"

"Na kwa nini alisema ni uzee?"

"Alisema yeye alikuwa amepuliza vya kutosha, na wewe ulikuwa na miaka mingi mbele. Wakijua ni wewe hakuna bendi itakuchukua." Alinyoosha soksi kwenye goti lake, akaniwekea mkononi. "Alikungoja sana. Kila Jumapili alikuwa akiuliza kama kuna mtu amekusikia mahali."

Nilikitoa kile kipulizio. Ung'aavu wa Njoro umekwisha, ukijani umerudi. Nikakizungusha kwa kidole gumba, na kikakwama. Kikazunguka kidogo, kikakwama tena. Nikakisogeza dirishani. Ukingo wote ulikuwa na alama za tupa, ndogo ndogo, nyingine za ndani, nyingine za juu juu, nilihesabu kumi na moja nikaacha. Alikuwa ameitafuta ile alama yake miaka yote hiyo, pale bandani, akikata, akijaribu, akikosa, akikata tena kando.

"Basi," Mama Wairimu akasema, akinitazama kwa upole kabisa, "ulipuliza?"

Nilitazama kikombe. Chai ilikuwa imeshapoa, utando umefunga juu yake.